Barua ya Kizungu na Mfereji wa Mama

Kwa karibu miaka miwili, kila Jumamosi alasiri, nilipanda ngazi za hoteli moja katikati ya mji wa Nyeri kwenda kukaa na watu waliojua Kilatini. Nasema waliojua, lakini aliyekijua alikuwa mmoja tu, na hata yeye alikijua kama mtu anavyoijua nyumba aliyowahi kulala siku chache akiwa mtoto. Alikuwa mwalimu mstaafu. Ujanani alikaa seminari miaka miwili, akatoka kabla ya kuwa padri, na alichotoka nacho ni kamusi yenye jalada jeusi na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kumjibu mtu. Sisi wengine, saba au wanane kutegemea mvua, tulikijua Kilatini kwa kumsikiliza yeye.

Chama kilikuwa cha waandishi. Kulikuwa na karani wa benki aliyetunga mashairi ya Kiingereza kuhusu theluji ya Mlima Kenya. Theluji hiyo hakuwahi kuikaribia kuliko Naro Moru, ambako siku moja alikunywa chai kando ya barabara akiwatazama wapagazi wakifunga mizigo ya wageni, kisha akarudi nyumbani na mashairi kumi na moja. Kulikuwa na wengine ambao hawaingii katika habari hii. Na kulikuwa na mimi, niliyekuwa nimechapisha riwaya moja iliyosomwa na jamaa zangu, nikiandika ya pili ambayo hata wao walishaanza kuiogopa.

Desturi yetu ilikuwa hii. Kabla ya kuagiza chai, kila mmoja aliweka neno mezani. Liwe neno la Kiingereza, na uje na mzizi wake wa Kilatini. Mmoja aliweka neno la Kiingereza la mshahara, akatueleza kuwa ndani yake kuna chumvi, kwa sababu Warumi waliihusisha chumvi na malipo ya askari. Mwingine akaweka neno la mgombea, candidate, akasema maana yake ya kwanza ni mtu aliyevaa nguo nyeupe, kwani Mrumi aliyetaka cheo alizipaka kanzu zake chaki ili aonekane safi. Hapo sote tuliguna kwa furaha, tukiwakumbuka wagombea wetu wenyewe na nguo zao. Aliyekuja na neno lisilo na Kilatini, neno fupi la wakulima wa Uingereza kama vile mud au cow, aliletewa strungi, chai isiyo na maziwa. Wengine walikunywa chai ya maziwa wakimtazama. Niliwahi kumwona mtu mzima, baba wa watoto wanne, akibembeleza apewe nafasi ya neno la pili ili apate maziwa.

Msichana aliyetuhudumia alidhani sisi ni kikundi cha maombi. Hatukumsahihisha.

Sheria ya pili ilihusu maandishi. Hakuna kazi iliyotoka mezani kabla ya kusomwa Jumamosi mbili. Mwalimu alisema Jumamosi ya kwanza ni ya kupalilia na ya pili ni ya kuvuna. Hajawahi kulima kitu chochote tangu nimjue.

Sitasema uongo kwamba nilikuwa pale kwa kulazimishwa. Nilipenda. Nilipenda jinsi neno lililochakaa, neno la magazetini na la matangazo ya mazishi, lilivyopasuka mikononi mwa mzee yule na kutoa kitu kidogo kibichi, chumvi au nguo au mkate. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na maneno hayo kichwani kama mtu aliyebeba mayai. Niliona watu wanaopita wakiongea juu ya bei ya mbolea, nikawahurumia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sioni njia ya kulisema jambo hili kwa upole zaidi.

Nyumbani ni chini ya Ruring'u, mahali ambapo mtelemko unaiacha barabara na kushuka bondeni. Mama yangu analima nduma, yale magimbi ya bondeni. Mwaka mzima mikono yake ina rangi ya matope ya bonde lile, na wanawake wa Kenol wanaochemsha nduma na kuwauzia wasafiri wa barabara kuu wanajua siku anayong'oa. Nduma zake zilinipeleka shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu, nikasomea Kiingereza. Naweka jambo hili hapa mapema kwa sababu halihitaji ufafanuzi.

Nduma hutaka maji yanayotembea. Kijito chenyewe kiko upande wa mbali wa bonde, chini ya mikaratusi ya jirani, na kinapita chini kuliko shamba letu. Kwa hiyo nilipokuwa darasa la nne mama alichimba mfereji. Alipanda juu hadi kwenye jiwe kubwa ambako kijito kinapinda, akayachepusha maji hapo, akayaongoza kufuata tumbo la mtelemko mpaka juu ya shamba, yakaingia kati ya matuta na kisha yakarudi kijitoni. Alifanya kazi hiyo mwezi mzima kwa jembe moja. Mimi nilibeba matope kwa debe. Siku maji yalipofika shambani kwa mara ya kwanza alivua viatu akasimama ndani yake, na mimi nikasimama karibu naye. Maji yalikuwa baridi kama chuma.

Tangu siku hiyo mfereji umeota nyasi pande zote mbili. Vyura wamehamia. Mgeni akiuona atasema ni kijito.

Na mgeni alikuja. Alikuwa afisa wa maji, kijana mpole kutoka upande wa magharibi, aliyehamishiwa kwetu hata mwaka haujaisha. Alikuja Jumanne, siku ambayo mama huwa sokoni, akiwa na vibarua wawili, utepe wa kupimia, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Hakumkuta mtu. Mama aliporudi alikuta vigingi vimepanda mtelemko kama watu wanaokuja kudai kitu. Cha mwisho kilikuwa kimepigiliwa kando ya mlango wa zizi la ng'ombe. Langoni kulikuwa na karatasi.

Mama huniita baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake, na anapotaka kitu kikubwa hulitamka neno hilo polepole zaidi.

"Baba," alisema, "hii karatasi inasema nini?"

Ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kwamba eneo lililowekewa alama ni la riparian, neno ambalo siku hizi linajulikana Kenya nzima kwa sababu likitajwa kuna nyumba inaanguka au shamba linang'olewa. Maana yake ni ardhi ya ukingo wa mto. Nilimweleza kwamba amepewa siku kumi na nne kung'oa kila kilichopandwa ndani ya vigingi, na kwamba mwenye pingamizi aandike barua kupitia ofisi ya naibu wa chifu. Aliniuliza wamepima kuanzia wapi. Sikujua. Tukatelemka pamoja.

Alikitazama kigingi cha kwanza kwa muda. Kilikuwa kwenye ukingo wa mfereji wake. Afisa alikuwa ameuona mfereji, akaudhania kuwa ndio mto, akapima mita zake kutoka hapo kupanda juu hadi ng'ombe. Na shamba lote la nduma, lililokuwa kati ya mfereji na kijito cha kweli, alikuwa amelihesabu kuwa limo ndani ya mto. Hakukuwa na tuta hata moja lililobaki nje ya vigingi.

Mama alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Wamepima mfereji wangu," alisema. "Waandikie hivyo. Huo si mto, niliuchimba mimi, na mto uko kule chini. Waandikie hivyo tu."

Hayo maneno ya mwisho, hivyo tu, ndiyo niliyoyadharau. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu asiyeweza kuandika hivyo tu. Na si mimi peke yangu. Huku kwetu barua ya ofisini ikiandikwa kwa maneno mepesi inaonekana kama imeandikwa na mtu asiye na watu. Tunaamini kwamba ofisi, kama ng'ombe mkaidi, haisogei bila kupigwa na kitu kizito, na kitu kizito tulicho nacho ni Kiingereza. Naibu wa chifu ni mzaliwa wa Ruring'u hapa hapa. Mama alimjua akiwa anavaa kaptura. Ningeweza kutembea dakika kumi nikamwambia kwa Kikuyu yote aliyosema mama, nikarudi kabla chai haijapoa. Wazo hilo halikunijia. Lililonijia ni kwamba nimepata neno la kuweka mezani.

Jumamosi nililiweka. Mwalimu alifumba macho.

Karani wa benki aliwahi kujibu. Alisema riparian ni ndugu wa river, na zote mbili zimetoka kwenye rivus, neno la Kilatini la kijito. Mwalimu alimwachia amalize, kisha akafungua macho.

"Umeanguka kwenye shimo la kila mtu," alimwambia. "Utakunywa strungi."

Halafu akatufundisha, na sijawahi kumsikia akifundisha vizuri kuliko siku ile. Alisema kuna maneno mawili yanayofanana kwa sauti ambayo hayana udugu wowote. Ripa ni ukingo, ardhi iliyo kando ya maji. Kutoka huko limekuja riparian, na river lenyewe, ambalo kwanza lilikuwa jina la nchi ya ukingoni kabla ya kuwa jina la maji. Kutoka huko limekuja pia arrive, kufika, maana mtu wa kale alikuwa amefika pale chombo kilipogusa ukingo. Rivus ni kitu kingine kabisa. Rivus ni kijito kidogo, na hata mfereji, maji yaliyoongozwa na mkono wa mtu kwenda shambani. Ndiyo maana derive, kutoa kitu katika kingine, hapo mwanzo ilikuwa ni kuyachepusha maji kutoka kijitoni. Na rival, mshindani, alikuwa jirani tu, mtu mnayetumia naye mfereji mmoja, na kila asubuhi anakushuku kwamba usiku umemfungia maji.

Meza nzima iliandika. Mimi pia niliandika. Nina daftari hilo bado: upande wa kushoto ripa, upande wa kulia rivus, na mstari ulionyooka katikati. Niliandika kwa mkono wangu kwamba ukingo wa mto si mfereji uliochimbwa na mtu, nikapiga mstari chini yake, nikageuza ukurasa. Watu wanane waliosoma walikuwa wameisikiliza kesi ya mama yangu ikitetewa kutoka Roma, na hakuna hata mmoja aliyeitambua. Aliyeibeba mfukoni alikuwa ametulia akingoja maziwa.

Kisha nikatoa rasimu ya barua. Ilikuwa ya nusu ukurasa, Kiingereza chepesi, na sentensi ya mama ilikuwa ya pili kutoka juu. Mwalimu akaisoma akiishika mbali na macho. Akaikata sentensi ile kwa kalamu nyekundu.

"Hii inasema kama mtu aliyesimama shambani," alisema.

Ndipo mama aliposimama, ningeweza kumjibu. Nilitikisa kichwa kukubali, na kila mtu akavuta kiti karibu, kwa sababu sasa kulikuwa na kazi.

Walifanya kazi, siwezi kuwanyima hilo. Mpaka hoteli ilipotaka viti vyake barua ilikuwa imefika ukurasa mmoja na nusu. Karani wa benki alileta maneno ya benki. Mtu mwingine alileta maneno ya mahakama. Mwalimu alitaka ianze kwa kulitaja shamba kwa heshima yake yote, na kwa kuwa neno la siku ile lilikuwa tamu midomoni mwetu sote, sentensi ya kwanza ikasema kwamba mwenye barua, akitambua kikamilifu hadhi ya riparian ya ardhi yake, anaomba kwa unyenyekevu na kadhalika. Tulisoma sentensi ile kwa sauti mara tatu. Ilikuwa na mwendo mzuri, na mwishoni nilipiga makofi.

Haikutoka mezani siku ile. Ilikuwa Jumamosi ya kupalilia.

Katikati ya juma mama aliniuliza kama nimewaandikia. Nilimwambia inaandikwa. Aliniuliza ni barua gani ya wiki mbili, kama ni ya kumposea mtu. Nilimwambia mambo ya ofisi hayaharakishwi, nikarudi chumbani kwangu kwenye riwaya, na kutoka dirishani nikamwona akipalilia matuta ambayo yangeng'olewa, tuta moja baada ya jingine, kwa mwendo ule ule wa siku zote.

Jumamosi ya pili tuliivuna. Tulibishana saa nzima juu ya neno moja, kama linatosha au lina pacha bora. Ilimalizwa ikiwa kurasa mbili kamili. Niliipeleka saiba, duka la kompyuta, ikapigwa chapa, na Jumapili mama alipotoka kanisani, akiwa bado amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, akaniambia nimsomee. Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha nikamfasiria kidogo kidogo. Alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni.

"Mfereji umeutaja wapi?" aliuliza.

Nikasema umo ndani.

"Ndani wapi?"

Nikamwonyesha ukurasa wa pili. Palikuwa na maneno matatu marefu yaliyoshikana mikono, ambayo ukiyafasiri yanasema kitu cha majimaji kilichotokana na kitu kingine. Yalikuwa mchango wa Mwalimu, naye aliyaonea fahari. Mama aliangalia pale kidole changu kilipokuwa. Aliifungua pini ya kitambaa, akakikunja vizuri, akaenda kuwapa ng'ombe majani ya nepia.

Jumatatu, siku moja kabla ya siku za ilani kwisha, niliipeleka. Naibu wa chifu aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika mwisho akairudia tena, na kwenye baadhi ya maneno midomo yake ilicheza. Aliniambia kwamba Kizungu kama hicho hajakiona ofisini humo, na akaomba nakala moja ampelekee binti yake aliye kidato cha tatu, ajifunze insha. Nilimpa. Nilikuwa nimechapisha nakala nne.

Akagonga muhuri. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa, mama anataka nini?"

Nilimwambia kwa Kikuyu. Mto si ule, ule ni mfereji, aliuchimba mwenyewe, vipimo vilianzia mahali pasipofaa.

Alirudi kwenye karatasi, akaweka kidole juu ya sentensi ya kwanza.

"Lakini hapa mmekubali," alisema. "Mmesema wenyewe shamba ni la riparian. Mimi napeleka kilichoandikwa. Sipeleki kilichosemwa mlangoni."

Nilimwomba anirudishie nibadilishe. Akanionyesha muhuri. Alinionyesha kwa huruma, kama daktari anavyomwonyesha mtu picha ya mfupa wake.

Nimeambiwa kwamba Mwalimu bado anaisoma barua ile kwa wanachama wapya, kama mfano wa maombi yenye heshima. Nimeambiwa pia kwamba husimama kidogo baada ya sentensi ya kwanza. Mimi sikwenda tena, na wala si kwa sababu nilipata akili upesi. Nilikuwa na aibu ya kukutana na watu wanaojua kwamba nilipiga makofi.

Jumatano asubuhi afisa wa maji akaja na vibarua wake, na safari hii walibeba majembe. Mama alikuwepo. Mimi nilikuwepo pia, nimesimama kando ya zizi katika viatu vya mjini. Afisa alimsalimia vizuri, akamwonyesha karatasi ya kumruhusu kuanza, na nakala ya barua yetu iliyoambatishwa nyuma yake. Vibarua waliingia matuta ya juu. Nduma huwa haipigi kelele inapong'olewa. Kuna sauti ya kunyonya tu, matope yanapoachia, halafu jani pana linalala kifudifudi. Mistari miwili ilikuwa imelala kabla mama hajamaliza kuifunga leso yake kiunoni.

Alimwendea afisa. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, na huwa hakimwaibishi.

"Wewe kijana," alimwambia, "kuja hapa juu kidogo nikuonyeshe kitu."

"Shosho, pole sana," afisa alisema, akitumia neno la huku la bibi mzee, "lakini barua imesema nyinyi wenyewe mmekubali."

"Barua ni ya kijana yangu na watu yake ya chai. Mimi sijui Kizungu. Kuja."

"Shosho, niko kazini."

"Hata mimi niko na kazi. Hiyo unang'oa ndio kazi yangu. Kuja."

Akaenda. Nadhani alikwenda kwa sababu ya adabu tu, adabu ambayo alilelewa nayo huko kwao na ambayo ofisi haikuwa bado imemwondolea. Niliwafuata. Mama alitangulia na jembe begani, akifuata mfereji kupanda mtelemko, mpaka kwenye jiwe kubwa ambako kijito kinapinda. Hapo ukisimama unaona wazi: kijito kinakuja, kinapita, kinaendelea chini ya mikaratusi, na kutoka ubavuni mwake unatoka mfereji wetu, upana wa hatua moja.

Mama hakueleza kitu. Alikata mabonge matatu ya udongo yenye nyasi, akayatupa mdomoni mwa mfereji, akayakanyaga. Akaongeza mengine mawili. Akaziba mianya kwa matope, akiyapapasa kwa kiganja kama anayepiga lipu ukuta. Kisha akaegemea jembe.

Tukangoja. Maji yaliyokuwa mferejini yaliondoka taratibu, yakaacha kwanza unyevu kwenye nyasi, kisha mchanga, kisha mikebe miwili ya rangi ambayo sikujua kwamba imekuwa humo. Chura mmoja alitoka akakaa ukingoni, amekasirika. Kijito chenyewe hakikushtuka, kilipita na njia yake. Baada ya muda kibarua mmoja alipiga kelele kutoka shambani kwamba maji imeisha huku, imeenda wapi.

"Sasa mimi ni nani," mama alimwambia afisa, "nifunge mto na jembe? Kama hii ni mto, wewe andika hapo kwa kitabu yako ati kuna mama ya Ruring'u amefunga mto, na hajamaliza hata kunywa chai."

Afisa alivua kofia. Alishuka akasimama ndani ya mfereji mkavu, akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia kingo zake zilizonyooka kama zinavyonyooka kazi za mkono. Kwanza alicheka. Halafu hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mbona hamkuandika hivi?" aliuliza.

"Uliza yeye," mama alisema. "Yeye ndio alisoma."

Aliwaita vibarua waache kung'oa. Alisema atapima upya, lakini barua ya kwanza iko kwenye faili na ina muhuri, kwa hiyo lazima iwepo nyingine ya kuifuta. Nilitoa kalamu mfukoni. Mama hakunitazama. Alimwambia afisa aandike yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, na yeye atasema. Tulirudi mpaka zizini alikoegesha pikipiki, afisa akaweka daftari juu ya kiti chake, akaandika alichoambiwa. Iliisha katika mistari minne. Mama alimfanya aisome mara mbili, mara ya pili polepole, na kwenye kila jambo aliitikia kwa kidevu. Kisha akatia sahihi, ile sahihi yake ndefu ya shule ya ngumbaru ya watu wazima, akaikunja karatasi akaitia kwenye leso. Alisema ataipeleka mwenyewe.

Mimi nilipewa kazi ya kushika mwanzo wa utepe. Nilishuka mpaka kijito cha kweli, nikasimama kwenye matope, nikaushika utepe mahali afisa alipotaka, na kila nilipohama mguu viatu vya mjini vilinyonywa. Vigingi vilitelemka mtelemko kimoja kimoja. Zizi likatoka. Matuta ya juu yakatoka, na ya katikati. Matuta ya chini hayakutoka. Hayo yalikuwa kando ya mto kwa kipimo chochote cha haki, na mama hakubishana. Ni matuta yanayokaa na maji kiangazi chote, yale yanayotoa nduma nene kama paja la mtoto, ambazo wanawake wa Kenol huulizia kwanza. Afisa alisema atampa mwezi mmoja azivune. Mama alisema asante, akamwuliza kama mama yake mwenyewe huko kwao analima. Wakaongea kidogo juu ya mihogo.

Walipoondoka, alizibua mfereji. Halafu akaniita kwenye mistari miwili iliyong'olewa. Nduma zilikuwa changa, ndogo kama vidole gumba, hakuna wa kuzinunua. Alikaa chini akaanza kukata vichwa vyake, ile sehemu ya juu yenye chipukizi ambayo ukiipanda inaota tena, akavipanga ndani ya karai. Mabaki aliyatupa upande wa ng'ombe. Alisema mistari iliyoanguka itapandwa upya, na zaidi ya hiyo anataka matuta mawili mapya huku juu, karibu na mfereji, kufidia yale ya chini. Akanipa jembe.

Udongo wa huku juu haujawahi kulimwa. Una mizizi ya nepia na mawe madogo. Nilivua viatu nikachimba mpaka jua likapita juu ya kichwa, na viganja vikaanza kuungua mahali ambapo kalamu haijawahi kufika. Mama alikuja na karai lake. Alisimama mwanzoni mwa tuta langu, akalitazama mpaka mwisho.

"Limepinda," alisema. "Maji hayatafika huko."

Akalifukia kwa mguu, akanionyesha pa kuanzia, na nikaanza tena.